Fisi si mbwa, wala Kiswahili si Kiarabu

Dhana: Familia ni kundi la vinavyofanana, kwa hiyo fisi ni jamaa ya mbwa.

Ukweli: Umbo hudanganya. Familia, iwe ya wanyama au ya lugha, huunganishwa na asili moja. Fisi yuko upande wa paka na nguchiro, na familia yake ina spishi 4 tu, mojawapo ikiishi kwa kula mchwa. Pimbi naye, anayedhaniwa panya mkubwa, jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva.

Dhana: Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, basi ni cha familia hiyo.

Ukweli: Hii ndiyo sugu kuliko zote. Maneno hukopwa, asili haikopwi. Kiarabu ni cha familia ya Kisemiti, Kiswahili ni cha Kibantu. Tazama “watu wazuri wamefika”: hiyo wa- inayorudi kila neno ni ya Kibantu, na hata neno la kigeni likiingia hutiishwa humo humo. “Kitabu” limetoka Kiarabuni, lakini wingi wake ni “vitabu”. Kiingereza nacho kimebeba maneno chungu nzima ya Kifaransa, na bado ni lugha ya Kijerumaniki.

Dhana: Lugha zenye herufi moja kwenye orodha ya Guthrie, mwanaisimu aliyezipa lugha za Kibantu misimbo ya herufi na namba, ni ndugu wa karibu.

Ukweli: Malcolm Guthrie aligawa lugha za Kibantu kwa kanda, akiangalia sana ramani. Kiswahili kikaangukia G40, Kipokomo na Kidigo E70. Anayesoma herufi hizo kama ukoo atawatenganisha ndugu: mwaka 1993 wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha uchambuzi mrefu wa kundi la Sabaki, yaani lugha za Kibantu zenye asili moja, ambamo Kiswahili kimo pamoja na Kimijikenda (Kidigo kikiwemo), Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Misimbo ya Guthrie ingali inafaa, lakini kama anwani tu.

Dhana: Kila lugha yenye vidoko, sauti zinazotolewa kwa kualisha ulimi, ni ya familia ya Khoisan.

Ukweli: Mwanaisimu Joseph Greenberg aliziweka humo Kihadza na Kisandawe, zote za Tanzania. Wanaisimu wengi leo hawalikubali kundi hilo kuwa familia moja. Kihadza, kinachosemwa kandokando ya Ziwa Eyasi, mpaka sasa hakijathibitishiwa ndugu hata mmoja.