Jina la biashara si kampuni

Jina la biashara ni jina ambalo mtu au wabia hulitumia kufanyia biashara badala ya majina yao wenyewe. Tanzania linasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sura 213 ya sheria za nchi. Kampuni ni kitu kingine, na sheria yake ni Sura 212.

Hata hivyo, wengi wenye cheti cha jina la biashara husema "nimesajili kampuni". Mkanganyiko unaanzia kwenye neno "kusajili". Asili yake ni Kiarabu: sijili ni daftari, hati iliyoandikwa. Kusajili basi ni kutia daftarini, na swali ni: kimetiwa nini? Ukisajili "Neema Stationery" kama jina la biashara, daftari linasema tu kwamba Neema Stationery ndiye Neema mwenyewe. Hajaongezeka mtu. Ukisajili kampuni, anazaliwa mtu wa kisheria: anamiliki mali, anakopa, anashtaki na kushtakiwa, na mwanzilishi akifariki, kampuni inabaki. Kesi inayotajwa siku zote ni ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, mwaka 1897. Alikuwa na karibu hisa zote, lakini mahakama ilishikilia kwamba yeye ni mwingine na kampuni ni mwingine. Sheria yetu ya makampuni imejengwa juu ya msingi huohuo.

Sasa tazama mhuri wa mtu mwenye cheti cha jina la biashara: "Neema Stationery Co. Ltd". Hilo "Ltd" linamwambia muuza karatasi wa jumla kwamba deni linaishia kwenye mali ya kampuni. Si kweli. Duka likishindwa kulipa, anayedaiwa ni Neema, pamoja na kiwanja chake na akiba yake. Benki nayo itamrudisha, kwa sababu akaunti ya kampuni inadai cheti cha kampuni, katiba yake na azimio la wakurugenzi, na yeye hana hata kimoja.

Njia rahisi ya kujua uko wapi ni TIN, yaani namba ya mlipakodi. Mwenye jina la biashara akiwa peke yake anatumia TIN yake binafsi. Kampuni hupewa ya kwake. Na kodi zinaachana hapo. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kutozwa kodi kwa kufuata mauzo. Kampuni haimo katika utaratibu huo hata ikiwa ndogo kama genge: inatozwa asilimia 30 ya faida, na hesabu zake lazima ziandaliwe na mhasibu anayetambulika. BRELA nako, jina lina ada ya utunzaji ya shilingi 5,000 kwa mwaka, ilhali kampuni inawasilisha taarifa ya mwaka kwa shilingi 22,000, hata kama haikuuza kitu, na ikichelewa inaongezewa 2,500 kila mwezi. Wengi waliofungua kampuni kwa ajili ya heshima ya jina hugundua faini hizo siku wanayotaka kubadilisha mkurugenzi.

(Na vyote viwili si leseni. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara, inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, kwa maduka mengi na halmashauri.)

Kwa hiyo, ndugu, ukiwa na cheti cha jina, sema "nimesajili jina la biashara". Ni usajili halali kabisa, na duka moja la vifaa vya shule huenda lisihitaji zaidi ya huo. "Ltd" tu ndiyo uifute kwenye mhuri.