Tumejuaje? Kuwafundisha Watoto wa Shule ya Msingi Vita vya Maji Maji

Nimefundisha historia katika shule za msingi kwa miaka mingi, na siku hizi huwasimamia pia walimu wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Jambo ninalolikuta karibu katika kila andalio la somo ni lile lile: lengo mahsusi linamtaka mwanafunzi aweze "kutaja". Ataje sababu za Vita vya Maji Maji, ambavyo wenyeji wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Wajerumani waliowatawala, ataje viongozi wake, ataje matokeo yake. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri huvitaja vyote bila kukwama, lakini ukimuuliza kama vita hivyo vilipiganwa kabla au baada ya babu yake kuzaliwa, anakutazama tu. Sasa ambapo Historia ya Tanzania na Maadili ni somo linalojitegemea, hatuna tena sababu ya kuharakisha, na kwa maoni yangu kuna mambo mawili yanayopaswa kutangulia kutaja kokote: mtoto ajue tukio limekaa wapi katika wakati, na ajue sisi tulio hai leo tumelijuaje.

Suala la wakati ninalishughulikia uwanjani. Tunachora mstari mrefu kwa chokaa, mwanafunzi mmoja anasimama mwanzoni, yaani leo, kisha anarudi nyuma akihesabu kila hatua kuwa miaka kumi. Hatua ya kwanza inakaribia kuyafunika maisha yake yote, na hapo darasa zima hucheka. Baada ya hatua sita na kidogo amefika kwenye Uhuru wa Tanganyika, 1961. Hatua kumi na mbili zinamfikisha 1905, Maji Maji inapoanza. Na hatua hamsini na mbili zinampeleka hadi Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505. Daima hutokea mtoto anayeuliza kuhusu fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Lina umri wa miaka takribani milioni 1.75, kwa hiyo ni hatua 175,000, na kama hatua ya mtoto ni nusu mita, anayeanzia Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro ataipita Mlandizi akiwa bado anatembea. Hesabu hiyo huwafundisha zaidi kuliko neno "milioni" likiandikwa ubaoni.

Tukirudi darasani, siandiki orodha ya sababu. Ninasimulia kwa mpangilio: kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898, kisha mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba ambako watu walilazimishwa kufanya kazi wakati mashamba yao ya chakula yakisubiri, kisha malipo madogo yasiyolingana na jasho. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na ninauliza: kwa nini waanze na pamba, wasianze na boma la Mjerumani? Watoto wa miaka kumi hulijibu swali hili vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani, hasa wanaotoka katika nyumba za wakulima.

Ugumu unakuja kwenye maji yenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ambayo ingeifanya risasi igeuke maji, na nusu ya darasa hucheka wakati nusu nyingine inataka kujua kama ilifanya kazi. Mwalimu akikimbilia kusema kwamba ule ulikuwa ushirikina, amerudia bila kujua maelezo ya maofisa wengi wa kikoloni, ambao waliona urahisi kuwalaumu waganga kuliko kuichunguza pamba. Akisifu dawa, amedanganya, kwa sababu risasi ziliua. Mimi huwaacha wafuatilie kwenye ramani jinsi dawa ilivyosafiri, kutoka Umatumbi hadi Mahenge na Ungoni, kupitia makabila ambayo hayakuwa na mtawala mmoja, na baadhi yake yaliwahi kupigana yenyewe kwa yenyewe. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na bado iliendelea hadi 1907. Mtoto akiliona hilo, mwenyewe ataeleza dawa ile iliwafanyia watu nini.

Ndipo swali la "tumejuaje?" linapopata uzito. Tunayo maandishi ya Wajerumani, akiwemo gavana von Götzen aliyeandika kitabu juu ya vita hiyo. Tunayo pia masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa bado hai. Kuhusu idadi ya waliokufa, serikali ya kikoloni ilikadiria watu 75,000, ilhali wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000. Naziandika tarakimu zote ubaoni na kuwauliza nani alikuwa na sababu ya kuhesabu wachache. Wengi waliuawa na njaa, kwa kuwa jeshi lilichoma mazao na maghala, na hilo nawaeleza waziwazi. Habari za viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea Februari 1906 nawaeleza pia, ila bila kuchora kitanzi kwa maneno. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, na watoto huona ajabu kwamba jambo la hatua kumi na mbili nyuma bado lina mtu wa kuliombea msamaha.

Kazi ya nyumbani ni moja tu: umsalimie bibi au babu, umuulize ni tukio gani analikumbuka alipokuwa na umri kama wako. Zinarudi habari za Operesheni Vijiji, za Vita vya Kagera, za foleni za sabuni na sukari. Msichana mmoja aliandika kwamba bibi yake alilala nje ya duka la ushirika, halafu akaniuliza, "Mwalimu, mbona kitabuni haimo?" Nilimwambia amuulize na jirani wa rika la bibi, kisha alinganishe.

Walimu wenzangu husema mtihani wa kuchagua herufi hauulizi haya, na ni kweli. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya mtihani nakaa na wanafunzi tukajibu maswali ya miaka iliyopita kama shule nyingine zote, isipokuwa kwa kila jibu lisilo sahihi ninamtaka mwanafunzi aseme lingekuwa sahihi kwa swali gani. Zoezi hilo halihitaji zana yoyote, wala halipunguzi alama za mtu.