Maji yakichemka hayagawanyiki kuwa gesi mbili
Wanafunzi wengi ninaowafundisha kemia hapa Arusha huamini kwamba maji yakichemka sufuriani huvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Sivyo kabisa. Ule mvuke ni maji yaleyale, H₂O kamili. Ndani ya molekuli, yaani chembe ndogo kabisa ya maji, atomi ya oksijeni na kila atomi ya haidrojeni huchangia elektroni (chembe yenye chaji hasi) moja moja. Jozi hiyo ya elektroni huvutwa na viini vya atomi zote mbili kwa pamoja, na huko kuvutwa ndiko bondi ya kovalenti. Moto wa jikoni hauiwezi. Kinachokatika ni mvutano hafifu kati ya molekuli na jirani yake, na kwetu huku, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 95 hivi za Selsiasi zinatosha. Kuzitenganisha atomi zenyewe, maabara hupitisha umeme kwenye maji.