Ujazo mkubwa si kiwanja kikubwa: maneno ya mipangomiji na maana zake

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Moshi. Mama mmoja aliniletea bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na karatasi za kiwanja alichokuwa amemaliza kukilipia kwa fedha za mkopo wa kikundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka nyumba ya vyumba vitano, banda la kuku nyuma, na bustani ya mboga. Nafasi ipo, kiwanja ni cha ujazo mkubwa."

Nikaangalia vipimo. Mita 15 kwa 20. Nilimwonyesha kwa kalamu, nikachora kwa vipimo vidogo nyumba aliyoitaka, na ikagusa mpaka wa kiwanja pande tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ni haki yake kabisa: "Kwa hiyo mkubwa ni nini?"

Ujazo, katika lugha ya mipangomiji, huhesabu nyumba na watu watakaokaa katika eneo, kwa kawaida kwa hekta moja. Ujazo mkubwa maana yake nyumba nyingi kwa hekta, na nyumba haziwezi kuwa nyingi ila viwanja viwe vidogo. Hekta ni mita za mraba 10,000. Ukiigawa kwa viwanja vya mita za mraba 300 unapata viwanja 33, kabla hujatoa eneo la barabara. Ukiigawa kwa viwanja vya mita za mraba 1,500 unapata sita tu, na huo ndio ujazo mdogo. Anayetaka kiwanja kikubwa atafute ujazo mdogo. Neno liko kinyume na masikio yetu, nami naona kila tangazo la mauzo ya viwanja lingepaswa kuandika mita za mraba kwanza na ujazo baadaye.

Maneno haya yana historia. Enzi za mkoloni miji yetu iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini: huku viwanja vipana vyenye miti, huku maduka ya barazani na makazi juu yake, kule vyumba vilivyobanana. Baadaye mgawanyo huo ulisomwa kwa ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa. Arusha jina Uzunguni lipo hadi leo, na ukipita pale unaona kwa macho ujazo mdogo ni kitu gani. Lakini usiamini majina ya mitaa kukueleza matumizi ya ardhi. Shanty Town ya Moshi, kwa jina lake la Kiingereza, ungedhani ni mtaa wa mabanda, kumbe ni miongoni mwa maeneo yenye viwanja vipana na vivuli vizuri mjini. Unga Limited ya Arusha imebeba jina la kampuni ya kusaga unga, na leo ni makazi ya maelfu ya watu.

Matumizi hayasomwi kwenye jina. Yamo katika mchoro wa mipangomiji na katika hati.

Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inazipa halmashauri za miji, manispaa na majiji kazi ya kupanga ardhi iliyo ndani ya mipaka yao. Juu kabisa kuna mpango kabambe, ule unaotazama mji mzima kwa miaka mingi mbele. Wa Jiji la Arusha unaangalia hadi 2035. Chini yake kuna michoro ya kina, inayoonyesha kiwanja kimoja kimoja, na kila kiwanja kimepewa rangi au alama ya matumizi: makazi, biashara, biashara na makazi, kiwanda, taasisi, eneo la wazi. Kisha kanuni zinayagawa matumizi hayo kwa makundi yenye herufi, na ndani ya kila kundi kuna madaraja. Ukifungua hati yako, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, utakuta sharti la matumizi lenye herufi hizo. Kundi A ni makazi. Watu wengi hulisoma jina lao, namba ya kiwanja na miaka ya umiliki, halafu wanaikunja. Ile herufi ndiyo inayoamua kama frem zako za maduka zitasimama.

Na hapo kwenye frem ndipo pana ugomvi mwingi. Mtu ana kiwanja cha makazi, barabara ya mtaa inaanza kuchangamka, anabomoa ukuta wa mbele na kuinua frem nne. Kwake yeye ile bado ni nyumba yake, na kweli analala humo. Kwa sheria ameongeza biashara kwenye ardhi ya makazi. Zipo sehemu ambazo mchoro unaruhusu biashara na makazi pamoja, hasa kandokando ya barabara kubwa za mtaa, na hapo hana kosa. Pasipo na ruhusa hiyo, anapaswa kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi kabla ya kuchimba msingi. Maombi yanatangazwa ili majirani wenye pingamizi walitoe, kisha mamlaka ya upangaji inaamua.

Jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaambia ni kwamba matumizi yanaweza kubadilika bila tofali hata moja kuguswa. Nyumba ileile ya vyumba vinne, mwenye nyumba akiipangisha kwa familia, ni makazi. Akiweka vitanda vya kupandana na kuwalaza wanafunzi kumi na sita, imekuwa hosteli. Akiipangisha kwa shule ya awali, imekuwa taasisi. Kinachopimwa ni shughuli: nani anaingia, saa ngapi, wangapi, maji taka kiasi gani yanatoka, magari yanasimama wapi, kelele zinafika wapi. Shimo la choo lililochimbwa kwa watu sita halijui kwamba sasa wanakuja sitini. Jirani wa chini ya mteremko ndiye anayejua, na kwa mteremko wa Moshi kila mtu ni jirani wa chini wa mwingine.

Kwa hiyo kanuni zinahitaji fasili kali kuliko zile za mtaani. Chukua grosari. Kwetu grosari ni mahali pa kunywa bia, penye viti vya plastiki na spika; kwa Kiingereza, ile lugha ya hati, neno hilo ni duka la vyakula. Chukua hoteli: kwa mama lishe hoteli ni pale anapouza wali na maharage, kwa kanuni ni jengo la kulaza wageni. Gesti, lodji na hoteli havina masharti sawa. Mashine ya kusaga ni kiwanda kidogo, hata kama iko kibandani. Gereji ni karakana, hata kama ni mti wa mwarobaini na jeki mbili. Anayejaza fomu kwa lugha ya mtaani anaweza kuomba kitu asichokitaka, au akanyimwa alichostahili.

Pia kuna shughuli ndogo inayofuatana na kubwa. Mshonaji mwenye cherehani moja barazani kwake bado anaishi nyumbani kwake, na sioni kwa nini asumbuliwe. Akiwa na cherehani kumi na mafundi wa zamu, baraza limekuwa karakana na makazi yamekuwa ya ziada. Mpaka kati ya hizo mbili ndipo afisa mipangomiji anapohitaji busara, na ndipo ninapotamani fasili ziwe wazi zaidi, kwa sababu penye fasili legevu mnyonge ndiye anayebomolewa kwanza.

Tukija kwenye jengo lenyewe, maneno matatu yanatosha kukuokoa na hasara nyingi. La kwanza ni setibeki: umbali unaotakiwa kuuacha kati ya ukuta wa nyumba na mpaka wa kiwanja, mbele, nyuma na pembeni. Hapo ndipo hewa, mwanga na gari la zimamoto vinapopita. La pili ni asilimia ya kiwanja inayofunikwa na jengo. La tatu ni uwiano wa sakafu na kiwanja, ambao sisi wachora ramani tumezoea kuuita ploti resho: jumla ya sakafu zote ikigawanywa kwa eneo la kiwanja.

Haya mawili ya mwisho huchanganywa kila siku, kwa hiyo tuyapime. Kiwanja chako ni mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme masharti ya eneo lako yanaruhusu jengo lifunike asilimia 40 na uwiano usizidi 0.8. Chini unaweza kufunika mita za mraba 240. Jumla ya sakafu zote isizidi 480. Basi una nyumba ya sakafu mbili za mita 240 kila moja, au sakafu tatu za mita 160, na ukichagua hizo tatu unabaki na ua mkubwa zaidi. Namba hizo ni za mfano. Zako ziko kwenye masharti ya eneo lako, ziulize kwa maandishi.

Na usiandike "ghorofa moja" ukadhani umeeleweka. Kwa baadhi yetu ghorofa moja ni sakafu ya chini na nyingine moja juu yake. Kwa mwingine jengo la ghorofa tano ni sakafu tano ukihesabu na ya chini. Tofauti ya sakafu nzima imo ndani ya neno hilo! Kwenye ramani na kwenye mkataba wa fundi andika idadi ya sakafu, ukitaja kama ya chini imehesabiwa.

Neno hifadhi nalo. Mtu wa Arusha au Kilimanjaro akilisikia anaona twiga na theluji. Hifadhi ya barabara ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara yenyewe, mitaro, nguzo, mabomba na upanuzi wa baadaye. Kwa barabara kuu na za mkoa, tangu Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, upana wake ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 45 kwa jumla. Ndiyo maana kwenye kuta za nyumba kando ya barabara kuu watu waliona alama za X: nyekundu kwa aliyeingia ndani ya hifadhi, kijani kwa yule ambaye hifadhi ndiyo iliyomfuata, huyu akistahili fidia. Kabla ya kununua kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, chukua futi kamba, anza katikati ya lami, hesabu 30. Usianze kwenye ukingo wa lami.

Mito ina mita 60 zake pia, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Themi na Naura zinapita katikati ya Arusha, Karanga na Rau zinapita Moshi, na bei ya kiwanja cha bondeni huwa nafuu kwa sababu ambayo muuzaji hataitaja.

Eneo la wazi ndilo linaloniuma zaidi. Kwa Kiswahili cha kawaida kitu kilicho wazi ni kitupu, na kitupu kinaonekana hakina mwenyewe. Katika mchoro eneo la wazi ni matumizi kamili kama yalivyo makazi: ni la umma, limepangiwa watoto, mikutano, upepo na maji ya mvua. Kiwanja tulichochezea mpira nikiwa mdogo leo kina ukuta na geti jeusi. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa sote tuliamini palikuwa patupu.

Kuna neno moja ambalo makundi yote ya kanuni hayalitoshi: kihamba. Mji wa Moshi unapopanuka kuelekea Rau na Longuo unaingia kwenye vihamba. Kihamba cha Mchagga ni nyumba, migomba, kahawa, banda la ng'ombe na makaburi ya babu zake, vyote ndani ya uzio mmoja wa masale, mmea wa mpaka. Lugha ya mipangomiji inavitenganisha: makazi kundi hili, kilimo lile, makaburi jingine kabisa. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 zilijaribu kukutanisha, zikaweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu mmoja na ng'ombe wasiozidi wanne, wafugwe ndani. Lakini kaburi la babu chini ya mgomba halina herufi. Eneo likipimwa na mzee akaambiwa achague matumizi ya kiwanja chake, anaandika makazi, na mpimaji anapita na kamba juu ya masale.

Yule mama wa bahasha ya kaki tulimchorea nyumba ya sakafu mbili, vyumba vitatu chini na viwili juu. Kuku alikubali kuwaacha. Mboga zimo kwenye viroba, kando ya ukuta wa nyuma, ndani ya zile mita tulizoacha.