Imebomoka au imebomolewa?

Juzi nimeambiwa tena, na kijana mwenye jicho zuri la picha: "Kaka, picha zangu zinajieleza." Alikuwa amenitumia picha tisa za vibanda vilivyoungua, bila neno hata moja. Ni wapi? Lini? Moto ulianza saa ngapi, na huyo mama anayekumbatia cherehani ni mwenye kibanda au ni jirani aliyekuja kusaidia? Kimya. Picha haijielezi. Haijawahi.

Mambo ya kamera sitakaa nayo. Mchana simu yatosha. Watu wakikimbia, shata (muda ambao kamera inafunguka) iwe 1/500 ya sekunde au kasi zaidi. Piga pana kwanza, ndipo usogee. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na taarifa zilizomo ndani ya faili zinapotea. Basi.

Sasa turudi kwenye maelezo ya picha. Mwishoni mwa Aprili 2024 mto Mathare, hapa Nairobi, ulifurika na kuingia majumbani. Wiki chache baadaye, serikali ikiwa imeamuru walio ndani ya mita 30 za mto wahame, tingatinga zikateremka bonde lile lile. Nina picha mbili za siku hizo, zote nilizipiga karibu na daraja moja. Katika kila moja kuna mwanamume mwenye mabati kichwani, matope miguuni, na nyuma yake ukuta nusu. Ukizitazama haraka utasema ni siku moja. Ya kwanza ni mafuriko. Ya pili ni ubomoaji: mabati yamekunjika katikati, misumari bado imeng'ang'ania, na pembeni kushoto kuna alama za minyororo ya tingatinga kwenye udongo. Kata picha kidogo upande huo, alama zinatoweka, na aliyebomoa anatoweka nazo.

Hapo ndipo herufi chache za Kiswahili zinabeba mzigo wote. "Nyumba imebomoka" maana yake imeanguka, hatumtaji mtu. "Nyumba imebomolewa" maana yake kuna aliyeibomoa. Ndivyo ilivyo pia kwa ameanguka na ameangushwa, dirisha limevunjika na limevunjwa. Naona watu wakichagua kwa sauti tu, lipi linapendeza, na inaniudhi kweli, kwa sababu neno moja linamsingizia mtu na lingine linamficha. Kanuni yangu: kama sikumwona akiangushwa, siandiki ameangushwa. Siandiki ameanguka vilevile, maana hilo nalo sikuliona. Naandika "amelala chini," kisha naongeza nani aliniambia nini.

Halafu saa. Kamera inasema 09:40. Mama muuza mboga anakwambia saa tatu na dakika arobaini. Wewe unaandika "saa 3:40" bila kusema asubuhi, na mhariri wa ukurasa wa Kiingereza anachapa alasiri. Andika "saa tatu na dakika 40 asubuhi," na kabla hujatoka nyumbani hakikisha saa ya kamera inalingana na ya simu. Nimewahi kupiga siku nzima kamera ikisoma tarehe ya mwaka uliopita. Kuzipanga upya picha zile kulinichukua usiku kucha, na mbili mpaka leo sijui ipi ilitangulia.

Lililobaki sina jibu lake. Tulifundishwa kuuliza jina la kila mtu anayeonekana vizuri, majina yote mawili, na umri. Nilifanya hivyo kwa miaka. Kisha yakaja maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, na baadaye vijana wakaanza kutekwa. Jina sahihi chini ya uso unaoonekana wazi lilikuwa heshima kwa mtu. Sasa laweza kuwa anwani ya kumfikia. Lakini nikiliacha, kesho atatokea mwenye kudai kwamba mtu huyo hakuwepo, au kwamba picha ni ya nchi nyingine.

Nina picha ya dada mmoja wa siku hizo, Kenyatta Avenue, mkono wa kulia umeinua bendera, wa kushoto umeshika chupa ya maji. Alinitajia jina lake bila kusita, akanisubiri niliandike vizuri. Kwenye faili nimeweka tarehe, saa na mtaa. Jina liko kwenye daftari, kwa penseli.