Kukataa Dafu: Stadi za Kumudu Hisia kwa Anayesafishwa Damu

Jumatatu asubuhi mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, mwenye uzito mkavu (uzito wake bila maji ya ziada) wa kilo 60, anapanda mizani, inasoma 64.5. Kilo 4.5 zilizozidi ni maji, lita nne na nusu tangu Ijumaa. Kwa usalama mashine isivute zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa; kwake ni takriban lita 3.1 kwa saa 4. Ikilazimishwa kuvuta yote, presha inaporomoka na misuli inakaza. Yakiachwa, yanajaa kwenye mapafu na moyo unalemewa.

Kumgombeza hakusaidii. Aulizwe alikuwa anajisikiaje Jumapili jioni. Mara nyingi ndipo utasikia habari za ugomvi wa hela, upweke, au wageni waliokuja kumjulia hali. Ndiyo maana kumfundisha kumudu hisia ni sehemu ya tiba, kama ilivyo dawa ya presha.

Kazi ya kwanza ni kuipa hisia jina. Kabla ya kunywa, aandike neno moja kwenye daftari: kiu, hasira, hofu, aibu. Kiu halisi aghalabu inaletwa na chumvi, kwa mfano ng'onda au mchuzi uliotiwa viungo vya pakiti. Hiyo dawa yake ni kupunguza chumvi, na kusukutua maji baridi na kuyatema. Akiandika hasira, glasi ya maji haitaizima. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, dakika 5, mabega yakiwa yamelegea.

La pili ni gumu zaidi kwetu: kukataa ukarimu. Mjomba analeta madafu kwa upendo, na mgonjwa anakunywa asionekane ana dharau. Dafu lina potasiamu nyingi, na figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa; ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Sentensi ya kukataa iandaliwe mapema na isemwe kwa sauti, muuguzi akijifanya mjomba: "Ahsante sana mjomba, umenijali. Dafu kwangu ni hatari kwa moyo, ila kaa tuzungumze." Ikisemwa mara tatu nne akiwa kwenye kiti cha kusafishiwa damu, nyumbani inatoka bila kigugumizi. Bora zaidi, mke au mtoto awaambie wageni kabla hawajafika.

Mafunzo haya yafanyike ndani ya saa mbili za mwanzo za kipindi cha kusafishwa damu, dakika 20 zinatosha. Saa ya mwisho presha huweza kushuka na mtu hasikii tena anachoambiwa. Akirudi nyumbani amechoka hoi, kwa hiyo familia isimfungulie mjadala wa gharama jioni hiyo.

Uangalifu mkubwa unahitajika kwenye sonona (huzuni nzito isiyoisha), kwa sababu uchovu, usingizi mbovu na kukosa hamu ya kula vinaweza kutokana na figo zenyewe. Sikiliza maneno: "mimi ni mzigo", "sioni faida". Angalia pia kama ameacha vitu alivyovipenda kwa wiki mbili, au ameanza kuruka vipindi. Akisema anataka kufa au kuachana na mashine, asiachwe peke yake, na kituo kipigiwe simu siku hiyohiyo bila kungoja kipindi kijacho. Dawa za sonona zipo, lakini kwa mtu wa figo dozi hupangwa na daktari. Zisinunuliwe tu duka la dawa.