Kijani cha seladoni hakitokani na rangi

Kila nikiwaonyesha wageni vigae vya seladoni, vipande vya vyombo vya kauri vya kijani kutoka China, swali ni lile lile: Wachina walipaka rangi gani? Hawakupaka rangi. Ni chuma tu, chuma kile kile kinachoufanya mtungi wa kwetu uwe mwekundu.

Shika kigae cha bakuli la Longquan, mfano wa vile vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa, ukigeuze. Ndani ni kijani, kinateleza kama jiwe la mtoni. Pale kilipovunjika ni kijivu. Kwenye kitako, ile duara isiyopakwa kitu, ni chekundu kama tofali.

Longquan iko kusini mwa mkoa wa Zhejiang. Enzi ya Song (960–1279), wafinyanzi wa huko walisaga jiwe la kauri, wakalichanganya na udongo wenye chuma, wakafinyanga kwa gurudumu. Juu yake walipaka rojo la mawe yaliyosagwa, chokaa na majivu, lenye chuma kidogo sana. Vyombo vya hali ya juu vilipakwa tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana ukitazama kwa lenzi unaona vipovu vingi vimekwama ndani ya kioo, maana rojo likichomwa hugeuka kioo; hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga na kukipa kijani ule ulaini wake.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye moto. Joko la joka, kama wanavyoliita, hupanda mteremko wa kilima kwa makumi ya mita, na vyombo hukaa ndani ya makasha ya udongo ili majivu yasivirukie. Joto linapopanda kuelekea nyuzi 1,200 hivi, kabla rojo halijayeyuka, moto hunyimwa hewa. Moto wenye njaa hutafuta oksijeni popote, hata kuinyang'anya kutu ya chuma iliyomo kwenye rojo, na hapo wekundu hugeuka kijani.

Niliwahi kujaribu kwa joko dogo la gesi. Nikaachia hewa mapema mno, nikatoa vikombe sita vyenye rangi ya strungi. Bado ninavinywea chai.

Na kile kitako chekundu? Joko linapopoa, hewa hurudi. Palipofunikwa na kioo haipenyi, ila kitako kiko uchi, kwa hiyo chuma chake hushika kutu upya. Kijani, kijivu, chekundu: chuma kimoja, kigae kimoja.